Gunia la Mtu Nisiyemjua Jina

Kwa wiki mbili nililala na gunia la mtu, na jina la huyo mtu nilikuwa silijui.

Lilikuwa gunia la kawaida tu la nailoni, la kutilia mahindi, jeupe lililoanza kuingia rangi ya jivu. Nililikunja nikalisukuma kati ya godoro na ukuta, katika chumba alichonipa senge yangu hapo Kanduyi, karibu na mji wa Bungoma. Senge ni dada ya baba. Kila nikigeuka usingizini lilikuwa linachakarika, nami naamka, na nikiamka ni saa kumi na nusu, na usingizi haurudi tena. Nalala macho juu nangoja kukuche. Miguu inanisumbua kama ya mtu aliyeitwa mahali na hajaenda.

Gunia lilikuwa la soja, mlinzi wa usiku, huko Kitale. Nilitakiwa kulirudisha siku ileile.

Kabla sijaja kwa senge nilikuwa nafanya kazi katika hoteli moja Kitale, upande wa stendi. Kazi yangu ilikuwa maandazi na chapati. Unga ulitakiwa uwe umekandwa mapema, kwa hivyo nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na moja, baridi ile ya Kitale inakung'ata masikio. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hivyo mimi huota kwa kutembea, si kwa vitabu. Njia nzima nilikuwa najenga hoteli yangu. Pazia za maua. Kabati la kioo lenye taa ndani, maandazi yanaonekana mpaka ng'ambo ya barabara. Nikifika kazini nilikuwa nimeshaandika wapishi wawili na kuwafukuza.

Na wateja nilikuwa nao tayari, kwa sababu niliwakuta njiani kila siku.

Wa kwanza alikuwa mzee wa kanzu. Alikuwa na duka la vitambaa, na saa ile alikuwa anatoka msikitini. Kwetu ni kanisa, lakini yeye akisema, "Salaam aleikum, binti," mimi najibu, "Aleikum salaam," bila kufikiria. Siku moja nikamjibu pasta hivyo mlangoni mwa kanisa, watu wakacheka mpaka sadaka. Katika hoteli yangu huyo mzee nilimpangia meza ya dirishani, chai ya tangawizi.

Wa pili alikuwa soja. Alilinda stoo ya mbolea na mbegu iliyokuwa ng'ambo tu ya duka la vitambaa. Kabuti refu mpaka magotini, kofia ya sufu, redio iliyofungwa na mpira wa baiskeli, na soksi moja iliyoanikwa kwenye seng'enge. Nyingine sijui alikuwa anaianika wapi. Aliponiona nikitokea kwenye kona alikuwa anapiga rungu kwenye geti mara moja, kama kengele ya shule.

"Umecherewa!"

Alikuwa mtu wa upande wetu, wa Bungoma, hiyo r mahali pa l ilinifikisha nyumbani kila asubuhi.

"Nimechelewa wapi, mzee, na jogoo bado amelala?"

"Huyo jogoo wako ni mvivu kama wewe. Kimbia!"

Nami nakimbia. Hatua kumi, ishirini, mpaka nipite taa ya mwisho, halafu natembea tena. Miaka miwili tulifanya hivyo. Hatukuwahi kuulizana jina, wala unatoka kwa nani, wala una watoto wangapi. Ingekuwa kama kusimamisha ngoma uulize mpigaji anakaa wapi. Hotelini kwangu nilimpangia kiti karibu na mlango, kwa sababu niliona hawezi kukaa akiwa ameupa mlango mgongo.

Ndipo senge akanipigia. Amefungua hoteli ndogo Kanduyi, kando ya barabara, na anataka mtu wa chapati ambaye ni damu yake. Nilifurahi nikaruka. Nikawaaga wenye kazi, nikasema Jumatano ndiyo siku yangu ya mwisho, asubuhi nikande unga, mchana niende.

Nikapanga pia kumuaga soja. Kwetu mtu haondoki kimyakimya kama paka. Lakini unamuagaje mtu ambaye hamkuwahi hata kusalimiana kwa kukaa chini? Jumatatu nikasema nitamwambia kesho. Jumanne akasema, "Umecherewa," nikasema jogoo amelala, nikakimbia, nikakumbuka nikiwa nimeshapita taa.

Jumatano ikaja na mvua.

Ilikuwa mvua ya kwanza ya kupanda, ile wakulima wanaingoja mpaka shingo zinauma kwa kuangalia juu. Ilinishika kwenye kona. Nikakimbilia chini ya mabati ya geti la stoo, maji yananitoka kwenye nywele. Mvua ilikuwa inapiga mabati, mtu hasikii hata meno yake yakigongana. Soja akaniangalia, akatikisa kichwa, akaniinulia kidole: ngoja hapo. Akaenda nyuma ya stoo. Alikawia; taa za lori zikasimama barabarani ndani ya mvua, zikakaa, zikaenda, nami nikadhani ni za mpita njia. Aliporudi alikuwa na gunia. Akasukuma pembe moja ya chini ikaingia ndani ya nyingine, akapiga kwa kiganja, ikawa kofia ndefu ya kufunika kichwa mpaka mgongoni. Hivyo ndivyo sisi wote tulivyoenda shule wakati wa mvua, kabla ya watu kuanza kujifanya wanajua miamvuli. Akanivika mwenyewe, kama mtu anayevisha mtoto.

"Urirudishe!" akapiga kelele sikioni mwangu. "Ni ra stoo!"

"Nitarudisha!"

"Umecherewa!"

Nikakimbia. Nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya gunia. Mchana mvua haijakatika, nikapanga nguo zangu, gunia likaingia humo na kila kitu. Nikalikuta Kanduyi.

Senge aliniona siku ya tatu tu. "Wewe," akasema, "unatangatanga kama kuku anayetafuta pa kutaga. Chapati zimeiva, wateja wanakusifu, kitanda umepewa. Unataka nini?"

"Hakuna kitu, senge."

"Ni mwanaume?"

"Ni gunia."

Akaniangalia, akaendelea kuchagua maharagwe.

Kanduyi si pabaya. Lakini chumba changu kiko nyuma ya hoteli yenyewe. Naamka, nafungua mlango, nimefika kazini. Hakuna njia. Sikujua kama nilikuwa naipenda ile njia mpaka ilipoondolewa, nikabaki na ndoto zangu zimejaa miguuni. Asubuhi moja nikatoka barabarani nikamwambia mama mmoja aliyebeba kuni, "Mama, umechelewa!" Akasimama. Akatua mzigo. "Mimi na wewe tulikosana lini?" akaniuliza. Nikaomba msamaha nikarudi ndani.

Jumamosi ya wiki ya pili nikamwambia senge naenda Kitale kuchukua sufuria nilizoziacha kwa msichana niliyekuwa nakaa naye. Sufuria zilikuwa kweli. Lakini gunia ndilo nililoliweka juu kwenye mfuko.

Nilifika mchana. Geti la stoo nilikuwa sijawahi kuliona mchana, kwa sababu kazini nilikuwa narudi kwa njia nyingine. Lilikuwa dogo, na kutu, na rangi yake ni buluu. Miaka miwili nilijua ni jeusi. Pale kwenye kiti cha soja amekaa mwanaume mnene mwenye sare ya kampuni, mkanda umembana.

"Namtafuta soja."

"Ndiye mimi."

"Yule mwingine."

"Mwingine nani? Anaitwaje?"

Nikamwonyesha magotini kwa mkono. "Wa kabuti," nikasema.

"Kabuti hakuna hapa, dada. Songa, lori linaingia."

Nikavuka barabara mpaka duka la vitambaa. Mzee wa kanzu alikuwa anapima kitambaa kwa mkono. Aliponiona alikiangusha.

"Binti! Tulisema umeolewa."

"Bado, mzee. Soja wetu yuko wapi?"

Akanivutia kiti. Sauti yake ikashuka. "Walimfukuza. Siku ile ya mvua ya kwanza. Lori la mbolea lilikuja alfajiri, likapiga honi, likapiga, hakuna wa kufungua. Dereva ana mzigo mwingine wa Endebess, barabara inageuka matope, akaenda. Mbolea yote akaishusha kwa mtu mwingine huko. Mama mwenye stoo amefika hapa, wakulima wamejaa, hana hata kilo moja. Ah! Alimfukuza siku hiyohiyo."

"Lakini si alikuwepo!"

"Alisema alikuwa nyuma ya stoo, mvua ikamzuia kusikia. Akaulizwa, nyuma ulienda kufanya nini? Akanyamaza kabisa. Mimi mwenyewe nilimuuliza, akaniambia, wacha iende. Alikaa kwa hiyo geti miaka tisa, binti. Amerudi kwao Naitiri, sasa anapalilia mahindi ya kaka yake."

Mimi nilikuwa nimeshika ule mfuko magotini. Nikaukumbatia, gunia likachakarika humo ndani.

Nyuma ya stoo alienda kufanya nini? Mimi ndiye ninayejua. Duniani kote ni sisi wawili tu tunaojua.

"Mzee," nikasema, "huyo mama yuko?"

"Yuko. Lakini leo amekasirika."

"Nisindikize tu mpaka mlangoni."

Mama mwenye stoo alikuwa nyuma ya meza, miwani juu ya paji la uso, simu mbili mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno nikivuka barabara. Yote yakamwagika.

"Mama, yule soja wako hakuacha kazi. Ni mimi niliyemtoa getini."

Akaweka kalamu. "Wewe ni nani wake? Binti yake?"

"Hapana, mama."

"Ni mtu wa kwenu?"

"Hapana. Mimi nilikuwa napita tu."

"Ulikuwa unapita." Akateremsha miwani. "Anaitwa nani?"

Nilijua swali hilo litakuja. Nimelingoja njia nzima na bado lilinikuta bila kitu. Ningeweza kumwambia soksi yake ina shimo la kidole. Ningeweza kumwambia anakohoa Julai, na anazima redio watu wakianza kutangaza vifo.

"Sijui, mama."

"Mmejuana muda gani?"

"Miaka miwili. Yeye pia jina langu halijui."

Akacheka kidogo kupitia pua. "Unakuja kumtetea mtu, na humjui unayemtetea."

Mzee wa kanzu akaingiza kichwa mlangoni. "Mama, huyu msichana anasema kweli. Kila siku nikitoka swala namkuta hapa. Ni mtu mzuri."

"Na huyu msichana anaitwa nani?"

Mzee akakuna ndevu. Akaniangalia kama nimsaidie. "Wallahi, sijui."

"Nyinyi watu wa alfajiri hamna majina?"

"Majina ni ya mchana, mama," mzee akasema, na akaondoa kichwa.

Nikatoa gunia. Nikamweleza yote, mvua, kidole, ngoja hapo, pembe ndani ya pembe. Akalichukua, akaligeuza, akatafuta mahali karibu na mshono. Kulikuwa na duara jekundu ambalo mimi sikuwahi kulitilia maanani.

"Hili ni langu," akasema polepole. "Kwa hivyo aliacha geti. Na akampa mtu njiani gunia la stoo. Umekuja kuniambia hivyo?"

Nikaona nimemzika badala ya kumtoa. Machozi yakaja, nikayameza. Nilisema sitalia mbele ya mbegu za watu. "Aliniambia nirudishe," nikasema. "Alisema ni la stoo. Ni mimi sikurudisha. Nifukuze mimi."

"Wewe sijakuandika, nitakufukuza wapi?"

Akachukua simu moja. Akatafuta, akabonyeza, akaiweka mezani kwa spika. "Nyamaza," akaniambia. "Usiseme kitu. Nataka kumsikia mwenyewe."

Iliita sana. Kisha upepo, na kuku, na mtu anapumua kama aliyetoka shambani mbio.

"Mama?"

"Habari ya Naitiri?"

"Nzuri tu, mama. Tunaparia."

"Nataka kukuuliza. Siku ile ya lori, nyuma ya stoo ulienda kufanya nini?"

Nikasikia jembe likiwekwa chini.

"Mama, hiyo si iriisha?"

"Niambie."

"Nirienda tu."

"Mtu mzima anaenda tu, kwenye mvua?"

"Nirienda tu, mama. Nisamehe."

Nilijaribu kunyamaza. Nasema kweli nilijaribu, nilijifinya mkono. Lakini ile sauti ilikuwa ndogo sana, haikuwa na rungu wala geti. Nikainama juu ya ile meza.

"Mzee, umechelewa!"

Mama akanikazia macho.

"Nimecherewa wapi," simu ikasema, "na jogoo bado amerara?"

Halafu akaanza kucheka na kukohoa pamoja. "Wewe mtoto! Uko wapi? Mimi nirisema mvua irikubeba! Asubuhi hiyo hiyo ndiyo mwisho wa kukuona, nikakaa huku nikisema, huyu nirimfunika vibaya, ameanguka mtaroni!"

"Niko, mzee. Nilihama—"

"Basi," mama akasema, akiinua mkono. Lakini sauti yake ilikuwa imelegea. Akaisogelea simu. "Kwa nini hukuniambia kulikuwa na mtu?"

"Ningesema nini, mama? Soja mzee, arfajiri, anasema arikuwa na msichana. Msichana gani? Jina hajui. Anakaa wapi? Hajui. Si ungenifukuza mara mbiri?"

Hapo mama mwenye stoo alicheka vizuri. Alivua miwani akapangusa macho. Nje nilisikia mzee wa kanzu naye akicheka; kumbe hakwenda mbali.

"Huyu wa sare," mama akasema baada ya muda, "analala mpaka jua linamchoma. Wewe angalau ulikuwa macho. Palilia hayo mahindi uyamalize. Jumatatu uwe hapa. Na geti usiliache tena, hata akija malaika amelowa."

"Siriachi, mama. Siriachi."

Nilimpigia senge kumwambia kwamba nitarudi Jumatatu. "Kwa sababu ya gunia?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akasema sawa, lakini chapati za Jumapili atazipika yeye, na wateja wakilalamika atawaonyesha picha yangu.

Jumatatu niliamka saa ileile ya zamani. Baridi ileile. Nilibeba mfuko wangu wa safari na sufuria mbili zinagongana mgongoni, nikapita njia yangu yote tangu mwanzo, ingawa stendi ilikuwa karibu zaidi kwa njia nyingine. Mzee wa kanzu akanipa salaam yangu, nikamrudishia. Nilipotokea kwenye kona, rungu likalia kwenye geti.

"Umecherewa!"

Sikumjibu. Nilikwenda mpaka pale pale. Kwa mara ya kwanza nilimwona karibu bila mvua: mwembamba kuliko kabuti lake, na jino moja la mbele halipo. Gunia alikuwa ameshapewa, lilikuwa limetundikwa kwa msumari nyuma yake. Tulishikana mikono, tukatikisa, hatukujua tuachie lini.

"Mama arisema nikuurize jina," akasema. "Ati siku nyingine isiwe aibu."

Nikamwambia. Naye akaniambia lake. Ni jina zuri, la watu wa kwetu, lakini tulipomaliza kuambiana tulisimama tu, kama watu waliokutana sasa hivi na hawana la kuzungumza.

"Mzee, nimehamia Kanduyi," nikasema. "Kwa senge yangu. Siku ile ya mvua nilikuwa nataka kukuaga. Nilichelewa."

Akaangalia barabara. Akakaza mpira wa redio, ambao haukuwa umelegea.

"Kanduyi kuna baridi?"

"Si kama hapa."

"Na hiyo kazi, unaenda kwa miguu?"

"Kazi iko mlangoni."

"Ah," akasema. "Hiyo ni mbaya."

Nilitaka kumwambia habari ya hoteli yangu, na kile kiti chake karibu na mlango. Nilikuwa na maneno hayo miaka miwili. Lakini kwenye kona nyuma yangu taa za lori zikatokea, na honi ikalia mara moja, na yeye akanyooka, akashika komeo la geti kwa mikono miwili. Akageuza kichwa tu.

"Na gari yako ya Bungoma? Umecherewa!"

"Nimechelewa wapi, mzee, na jogoo bado amelala?"

"Kimbia!"

Gari halingejaa kabla ya saa moja nzima kupita, nilijua hivyo na yeye alijua. Nikakimbia. Sufuria zinapiga kelele mgongoni, hatua kumi, ishirini, nikapita taa ya mwisho, na nyuma yangu nikasikia geti likifunguka.